MIMI NI WA WAPI?

Somo: Kutoka 2:1–22, 3:1–15, 4:10–16, 27



Je, umewahi kukaa katikati ya watu wanaocheka, na wewe unacheka, lakini moyoni unajiona kama umesimama nje unachungulia dirishani? Mjini wanakuita mshamba. Ukienda kijijini kwa bibi, lugha ya nyumbani inakupiga chenga, binamu zako wanakuita mtu wa mjini. Kwenye simu una marafiki mia nane, lakini saa nane ya usiku huna hata mmoja wa kumpigia. Basi unabadilisha nywele, unabadilisha lafudhi, unabadilisha kijiwe, na swali liko pale pale: mimi ni nani hasa?

Mwingine atakwambia hilo ni pepo tu, likemewe liishe. Ngoja kwanza! Biblia ina mtu aliyepita hapo hapo, na hakuwa mtu mdogo.

Ni Musa. Habari za bahari kugawanyika labda umezisikia. Hebu tutazame kabla ya bahari.

Alizaliwa mtoto wa watumwa wa Kiebrania, wakati Farao ameamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni. Mama yake akamficha miezi mitatu, kisha akamweka katika kisafina cha mafunjo kando ya mto. Binti Farao akamwokota, na mama mzazi akaajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, kwa mshahara! Alipokua akapelekwa kwa binti Farao. Hata jina la Musa alipewa na huyo binti, kwa kuwa alimtoa majini.

Sasa angalia. Ana miaka 40 (Matendo 7:23), anatoka kuwatazama ndugu zake, anamwua Mmisri aliyekuwa akimpiga Mwebrania. Kesho yake anaamua ugomvi wa Waebrania wawili, mmoja anamgeukia na kumuuliza nani kamfanya mkubwa wao. Farao naye anataka kumwua. Anakimbilia Midiani, anawasaidia wasichana kisimani, nao wanamweleza baba yao kwamba wameokolewa na Mmisri.

Jamani! Waebrania wanamkataa, Farao anamsaka, na huku ugenini anaitwa Mmisri. Akapata mke, akapata kazi. Lakini mtoto wa kwanza alipozaliwa akamwita Gershomu, jina la ugeni. Yaani mtu ana nyumba yake na bado kidonda kinasema siku ya kumpa mtoto jina. Kwa hiyo usidanganyike kwamba ukipata kazi au mchumba haya yataisha yenyewe.

Ikapita miaka 40 mingine, anachunga kondoo wa mkwewe. Hata kondoo si wake! Ndipo akaona kijiti kinawaka moto na hakiteketei, na Mungu akamwita kwa jina mara mbili. Jina lipi? Lile lile la majini, alilopewa na Mmisri. Abramu na Yakobo walibadilishiwa majina. Musa aliitwa hivyo hivyo alivyo, na historia yake yote iliyochanganyika.

Alipotumwa kwa Farao akauliza swali lako: yeye ni nani hata aende? Alikuwa na miaka 80 (Kutoka 7:7), basi wewe mwenye 19 usione haya kuuliza. Na Mungu hakumjibu kwamba ni Mwebrania, wala Mmisri, wala shujaa. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye (3:12). Umeona? Swali lilimhusu Musa, jibu likamhusu Mungu. Watu wanasema jichunguze ndani utajikuta. Ukichimba peke yako utakuta majina waliyokupachika watu, basi. Anayekujua tangu kisafina ndiye wa kumuuliza. Na Yesu aliitwa Imanueli, yaani Mungu yu pamoja nasi (Mathayo 1:23).

Tusikufiche: Musa hakupona papo hapo. Alileta visingizio, ulimi mzito, atumwe mwingine. Mungu alimkasirikia, lakini akampa Haruni kaka yake. Haruni akamfuata mpaka jangwani, akakutana naye kwenye mlima wa Mungu, akambusu. Yule aliyekataliwa na ndugu zake sasa ndugu amekuja kumpokea njiani.

Nawe usibaki na jambo hili peke yako. Kama mawazo yamefika mahali pa kusema afadhali nife, mwambie mtu unayemwamini leo hii, usingoje kesho. Kwenda hospitali nako si kukosa imani.

Kama unataka kumwita Mungu huyu, maneno makubwa hayahitajiki. Sema: "Bwana Yesu, nimechoka kujitafuta machoni pa watu. Nisamehe dhambi zangu. Uwe pamoja nami tangu sasa. Amina."

Kisha njoo mbele, hapo chini ya jukwaa kuna wahudumu. Watakuuliza jina lako. Wape hilo hilo unaloitwa nyumbani.