Play Store Ikigoma: Yakague Haya Kabla Simu Haijafika kwa Fundi

Ukiifungua Play Store na skrini ikabaki nyeupe, au programu uliyoitaka ikakaa kwenye "Inasubiri" tangu asubuhi, usiamini upesi kwamba simu imeharibika. Mara nyingi duka lenyewe ni zima. Kilichokwama ni kimoja kati ya vitu linavyovitegemea: intaneti, tarehe ya simu, nafasi ya kuhifadhia au akaunti ya Google. Vyote vinne mwenye simu anaweza kuvikagua mwenyewe bila kulipa hata senti. Na ni vyema avikague kwanza, kwa sababu baadhi ya mafundi dawa yao ya haraka ni kuflashi, na simu ikiflashiwa hupoteza picha, namba na ujumbe wowote ambao haukuwa umehifadhiwa mahali pengine.

Majibu ya maswali yafuatayo yanahusu simu za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu Afrika Mashariki. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung, Infinix na nyinginezo, lakini mpangilio unafanana. Kabla ya yote, izime simu kabisa, uiwashe tena, kisha ujaribu. Hitilafu nyingi ndogo huishia hapo.

WhatsApp inaingia vizuri. Mbona Play Store inadai hakuna intaneti?

Angalia aina ya bando ulilonunua. Kampuni za simu huuza kwa bei nafuu bando la mitandao ya kijamii, linalofungua WhatsApp, Facebook au TikTok peke yake. Play Store haimo. Mtu anachati mchana kutwa, ana hakika intaneti ipo, kumbe hana MB hata moja za kupakulia programu. Jipime hivi: fungua kwenye kivinjari tovuti ambayo hujawahi kuitembelea. Ikikataa, nunua bando la kawaida au tumia Wi-Fi, kisha urudi Play Store.

Kama una VPN, izime ujaribu tena. Kagua pia Kiokoa Data, kwa kuwa kikiwashwa huzuia programu nyingi kutumia intaneti zikiwa nyuma ya skrini.

Zipo pia siku ambazo kizuizi hakiko simuni. Uganda, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii pamoja na maduka ya programu vilizuiwa, kisha intaneti yote ikazimwa. Waulize wenzako wenye mtandao uleule kabla hujaanza kubadilisha mipangilio. Ikiwa wao pia wamekwama, iache simu yako ilivyo.

Tarehe ya simu inahusiana vipi na kupakua programu?

Inahusiana sana, na ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Kila mara simu inapoiita seva ya Google, seva hiyo hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali, ili simu iwe na hakika kwamba haizungumzi na tapeli aliyejipenyeza katikati. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Simu hukihakiki kwa kutazama kalenda yake yenyewe. Sasa chukua simu iliyokaa kabatini wiki kadhaa bila chaji: baadhi zikiwashwa husoma mwaka 1970 au mwaka mwingine wa zamani. Kwa kalenda hiyo, cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Simu inakataa kuunganishwa, nawe unaambiwa hakuna mtandao ilhali upo.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaobadilisha tarehe kwa makusudi ili mchezo fulani uwape nafasi za ziada. Wanapomaliza kucheza husahau kuirudisha, na siku ya pili Play Store haifunguki.

Nenda Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Tarehe na saa, uwashe chaguo la kuweka saa kiotomatiki. Hakikisha eneo la saa nalo ni sahihi. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni GMT+3. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ni GMT+2. Simu iliyoletwa kutoka Dubai huweza kubaki kwenye GMT+4, na mwenyewe akasogeza saa kwa mkono ili isomeke vizuri. Asifanye hivyo, abadilishe eneo, saa itajipanga yenyewe.

Neno "Inasubiri" haliondoki. Inasubiri nini?

Kwa kawaida inasubiri zamu. Play Store husasisha programu nyingine kwa foleni, na yako iko nyuma yake. Gusa picha ya wasifu wako juu kulia, ingia sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, uzisitishe zile zinazotangulia. Au huenda uliwahi kuchagua kwamba upakuaji ufanyike kwa Wi-Fi tu. Basi simu inaisubiri Wi-Fi ambayo huna. Chaguo hilo liko ndani ya mipangilio ya Play Store yenyewe, upande wa mtandao, na unaweza kulibadilisha wakati wowote.

Naambiwa nafasi haitoshi, na programu ninayoitaka ni ndogo.

Programu ikipakuliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko ukubwa unaotangazwa, kwa sababu faili lililopakuliwa na programu inayofunguliwa kutoka humo hukaa pamoja kwa muda. Simu ya GB 16 au 32 hujaa upesi, hasa kwa video za makundi ya WhatsApp zinazojihifadhi zenyewe. Fungua WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, utazame ni kundi lipi limekula nafasi kubwa. Futa video zilizosambazwa mara nyingi kwanza. Picha za watoto na za harusi zihamishie kwenye kadi ya memori au kompyuta.

Nikifuta akiba au data ya Play Store, nitapoteza programu zangu?

Hapana. Hofu hii huwazuia wengi kutumia njia ambayo mara nyingi huleta nafuu. Akiba ni mafaili ya muda ambayo Play Store hujiwekea ili ifunguke haraka. Yakiharibika, duka hukwama. Ingia Mipangilio, Programu, Google Play Store, Hifadhi na akiba. Anza na Futa akiba, ujaribu. Isiposaidia, rudi ubonyeze Futa data. Programu ulizosakinisha zitabaki, na ulizonunua zitabaki kwenye akaunti yako. Mipangilio ya duka peke yake ndiyo itakayorudi ilivyokuwa mwanzo.

Fanya vivyo hivyo kwa Huduma za Google Play, ambayo hufanya kazi kimyakimya na bila hiyo Play Store haiwezi chochote. Kwa hii ningeishia kwenye akiba, kwa kuwa ukifuta data zake itakubidi upange upya baadhi ya huduma za Google. Kuwa mwangalifu usiguse programu nyingine kwa bahati mbaya: ukifuta data ya WhatsApp, mazungumzo yasiyohifadhiwa nakala hayarudi.

Bado? Kwenye ukurasa huohuo wa Google Play Store, gusa vitone vitatu juu, uchague Ondoa masasisho. Duka litarudi kwenye toleo lililokuja na simu, kisha litajisasisha lenyewe likipata intaneti. Kama kitufe cha Washa kinaonekana hapo, maana yake kuna mtu aliizima Play Store, kibonyeze.

Naombwa nywila ya akaunti nisiyoijua.

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko zote nilizozitaja, na haitibiwi kwa kufuta akiba.

Simu nyingi kwetu hufunguliwa dukani. Muuzaji au fundi huweka akaunti ya Google palepale, kwa jina lolote na nywila yoyote, ili mteja aondoke na WhatsApp ikifanya kazi. Mteja hapewi barua pepe hiyo wala nywila. Anaitumia simu mwaka mzima bila kujua kwamba namba zake za simu na picha zake zinahifadhiwa kwenye akaunti ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua. Siku Google inapotaka uthibitisho, Play Store inafunga, naye hana pa kuanzia.

Tatizo huwa kubwa zaidi simu ikiflashiwa au ikirudishwa katika hali ya kiwandani. Tangu Android 5.1, iliyotoka mwaka 2015, simu ina kinga dhidi ya wizi: ikifutwa kwa nguvu kupitia vitufe vya pembeni, ikiwaka hudai akaunti ya Google iliyokuwamo awali, au namna mwenyewe alivyokuwa akiifunga skrini. Kinga hii ni njema, maana humnyima mwizi faida. Lakini humfungia nje hata mwenye mali kama akaunti ilikuwa ya fundi. Anayenunua simu iliyotumika na amwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yake kabla pesa haijatoka mfukoni.

Ukiwa na akaunti yako na nywila unaikumbuka, kuiondoa na kuiweka upya ni tiba halali ya Play Store iliyokwama. Ingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe, uzime simu na kuiwasha, kisha uiongeze tena. Ila kwanza thibitisha mambo mawili: kwamba nywila unaijua kweli, kwa kuingia Gmail kwenye kifaa kingine, na kwamba majina yako ya simu yamesawazishwa na akaunti. Kama ni ya mtu mwingine, hamisha namba na picha zako kwanza, fungua akaunti mpya kwa namba yako, halafu ndipo uiondoe ile ya zamani.

Simu yangu ni ya siku nyingi. Je, imepitwa na wakati?

Huenda. Agosti 2023 Google iliacha kusasisha Huduma za Google Play kwa simu za Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Tazama toleo lako kwenye Mipangilio, Kuhusu simu. Ukiona programu "haioani" na kifaa chako, mara nyingi tatizo ni toleo, na hakuna kufuta akiba kutakakolibadilisha.

Simu za Huawei zina habari yake. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiwekea kampuni hiyo vikwazo vya kibiashara, na kuanzia Mate 30, iliyotoka Septemba mwaka huo, simu zake mpya zilikuja bila huduma za Google. Duka lake ni AppGallery. Hakuna kilichoharibika kwenye simu hiyo, imeundwa hivyo.

Rafiki amenitumia faili la Play Store kwa WhatsApp. Nilisakinishe?

Usilisakinishe. Play Store halisi huja na simu na hujisasisha yenyewe. Faili la APK, yaani la kusakinishia programu, linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram linaweza kubeba programu ya kusoma ujumbe wako wa namba za siri, na ujumbe huo ndio ufunguo wa akaunti zako za pesa. Google haipigi simu kumwambia mtu Play Store yake imekwama, wala haitozi ada ya kuifungua. Anayekupigia akitaka namba sita zilizoingia kwenye simu yako ni tapeli, hata akikutaja kwa majina yako yote matatu. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma 333.

Wala usiharakishwe na hofu kwamba programu ya pesa imekataa kusasishwa. Pesa haikai ndani ya programu. Iko kwenye mfumo wa kampuni ya simu. M-Pesa hupatikana kwa *150*00# Tanzania na *334# Kenya, hata kwenye simu ya vitufe.

Kama umemnunulia mzazi simu, au shangazi aliyeko kijijini, usimwachie muuzaji amfungulie akaunti. Keti naye, mfungulie kwa jina lake na namba yake, mwekee namba yako kuwa ya kuirejeshea akaunti, kisha mwandikie barua pepe na nywila kwenye daftari litunzwe pamoja na hati za nyumbani. Ifanye kazi hiyo wiki hii, Play Store yake ikiwa bado inafunguka.