Mzizi wa Kilatini Wenye Maana ya '-ema' katika Msamiati wa Kiingereza: Umbo kama Ushahidi wa Asili

1.0 Utangulizi

Katika uchunguzi wa maneno ya mkopo, mtafiti hushawishika mapema mno kuuamini mfanano wa umbo. Makala hii inaujadili ushawishi huo kwa kuchunguza maneno ya Kiingereza yanayohusishwa na kivumishi cha Kilatini "bonus", yaani '-ema', na kielezi chake "bene", 'vyema'.

2.0 Njia za Kuingilia

Maneno mengi yenye "bene-" yaliletwa na wasomi na makasisi. Yale yenye "bon-" au "boun-", kama "bounty", yalipitia zaidi vinywani mwa wasemaji wa Kifaransa waliotawala Uingereza baada ya mwaka 1066. Ndiyo maana Kiingereza kina "benediction", umbo la kanisani, na pia "benison", lenye maana hiyo hiyo ya baraka lakini lililokwisha kukatwakatwa na Kifaransa. "Benefit" liliingia likiwa "benfet". Waandishi waliojua Kilatini wakalirudishia irabu iliyodondoka.

"Bonus" lilianza kutumika katika karne ya 18, yumkini kwenye soko la hisa la London, miongoni mwa watu ambao Kilatini chao kilikuwa cha kuokoteza: 'kitu chema' ni "bonum", ilhali "bonus" ni 'mwanamume mwema'. Kosa hilo limerithiwa na Kiswahili katika "bonasi". Hata hivyo, kamusi ya Kiswahili yapasa kulionyesha neno hili kuwa la Kiingereza, kwani Kilatini hapa ni babu tu.

3.0 Mfanano Unaodanganya

"Boon", 'neema', halimo katika ukoo huu. Asili yake ni neno la kale la Skandinavia lenye maana ya 'ombi', ingawa katika "boon companion" ni "bon" ya Kifaransa. "Bonfire" limewakosesha hata mabingwa: kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ililifasiri kuwa 'moto mwema', kumbe ni moto wa mifupa.

Kinyume chake, "beauty" halionyeshi dalili yoyote ya udugu, nalo ni ndugu wa damu. Umbo la kale la "bonus" lilianza na "du-", na wanaisimu wengi hulitambua katika neno "duenos" lililoandikwa kwenye chombo cha udongo kilichopatikana Roma mwaka 1880. Udogoshi wa umbo hilo ulizaa "bellus", 'zuri', na kwa njia ya Kifaransa ukafika "beauty". Badiliko hilo hilo la sauti liliigeuza "duellum", 'vita', kuwa "bellum".

Mfano mgumu zaidi ni "bonanza". Kigiriki kilikuwa na "malakia", 'ulaini', na Kilatini kikalichukua kama "malacia" kwa maana ya bahari shwari. Wasemaji wakasikia humo "mal-", 'baya'. Na kwa kuwa shwari si jambo baya, wakaweka "bon-" mahali pake. Kihispania kikapata "bonanza", na katika karne ya 19 wachimbaji wa magharibi mwa Marekani wakaliita hivyo tabaka la mwamba lenye madini tele. Hapa aliyedanganywa na umbo si mtafiti bali ni msemaji mwenyewe, na kosa lake ndilo etimolojia ya neno.