Mboga Itangulie: Kula ili Sukari ya Damu Isiyumbe

Katika nyumba nyingi za Tanzania, anayeuliza "Leo mboga nini?" anaweza kujibiwa maharage, dagaa, mchicha, nyama, hata maziwa ya mgando. Vyote hivyo huitwa mboga kwa sababu kazi yake ni kuteremshia tonge, na ugali au wali ndio unaoitwa chakula. Hivyo ndivyo tunavyopakua pia. Sahani hujaa ugali, na pembeni hukaa kibakuli kidogo cha mboga ambacho kila mlaji hukigawa kwa hesabu ili kisiishe kabla ya tonge la mwisho. Kijitabu hiki hakisemi ugali ufukuzwe jamvini. Kinasema kwamba ili sukari ya damu itulie na nguvu za mwili zidumu mchana kutwa, inatosha kubadili uwiano wa chakula na mboga, kubadili kipi kinatangulia mdomoni, na kuacha kula wanga ulio peke yake.

Tuanze na vipimo. Damu yote ya mtu mzima, ambayo ni kama lita tano, hubeba gramu nne au tano tu za glukosi kabla hajala. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Sahani iliyojaa ugali wa sembe inaweza kuwa na wanga wa gramu 80 au zaidi, na wanga ni glukosi iliyoungana kama shanga kwenye uzi. Mate huanza kuzikata shanga hizo, utumbo mwembamba humalizia, na katika saa chache glukosi yote hiyo huwa imepita kwenye damu iliyozoea kubeba kijiko kimoja. Kinachozuia mafuriko ni kongosho. Hutoa insulini, ambayo huwezesha misuli na ini kuipokea glukosi na kuihifadhi. Glukosi ikija taratibu, kazi hiyo hufanyika bila papara. Ikija kwa kishindo, insulini humwagwa kwa wingi, sukari hupanda sana kisha hushuka kwa kasi, na mtu aliyeshiba saa saba mchana huanza kusinzia saa tisa na kutafuta kitu kitamu saa kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya 1,000 wa Uingereza na Marekani, uliona kwamba wale ambao sukari yao hushuka zaidi saa mbili hadi tatu baada ya mlo ndio waliosikia njaa mapema na kula zaidi siku hiyo. Kwa hiyo njaa ya saa kumi si lazima iwe ulafi, na kumlaumu mtu hakumsaidii. Na kwa yule ambaye mwili wake umeanza kutoitikia insulini, sukari haishuki ipasavyo. Hubaki juu kwa saa nyingi, ikiharibu kidogo kidogo mishipa ya macho, figo na miguu, naye hasikii maumivu yoyote.

Basi jambo la kushughulikia ni kasi. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha kipimo cha kulinganisha vyakula kwa namna vinavyopandisha sukari, na ikaonekana kwamba vyakula viwili vyenye wanga sawa kwa gramu vinaweza kutofautiana sana ndani ya damu. Maharage, dengu na jamii yake yalipandisha sukari polepole kuliko mkate. Sababu zinaeleweka hata jikoni. Punje iliyosagwa laini huachia wanga wake haraka kuliko punje nzima, na nyuzinyuzi za mboga za majani na kunde huufanya uji ulio tumboni kuwa mzito. Protini na mafuta nayo huchelewesha tumbo kumwaga mzigo wake utumboni. Hata mpangilio wa kula una nguvu. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku moja walianza na wanga, siku nyingine walianza na mboga na kuku, wanga ukafuata dakika 15 baadaye. Walipotanguliza mboga, sukari yao ya saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja. Watu 11 ni wachache, na mlo wao haukuwa ugali. Lakini matokeo yanaafikiana na tunachokijua kuhusu tumbo, na kuyajaribu nyumbani hakugharimu hata senti. Bakuli la kachumbari, mchicha au maharage liletwe kwanza, watu wale vijiko kadhaa, kisha ugali ufuate. Unapopakua, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki, yai au nyama, na robo iliyobaki, kama ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe, iwe ugali, wali, ndizi au viazi.

Chai ya asubuhi ndiyo inayohitaji kutazamwa zaidi, kwa kuwa hapo wanga huingia bila mwenzake kabisa. Kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari kina gramu 12 hivi. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku amekwisha kula gramu 48 kabla hajagusa soda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chai peke yake imekaribia maradufu ya kiwango hicho. Kando ya kikombe kuna maandazi, vitumbua au chapati, yaani unga mweupe na mafuta, mara nyingi na sukari pia. Mlo wa namna hiyo humfanya mwanafunzi apigane na usingizi saa nne asubuhi. Badala yake, yai la kuchemsha, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha pamoja na karanga, maharage yaliyobaki jana, au maziwa yasiyotiwa sukari humfikisha mchana. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, maana ulimi hujifunza taratibu. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na juisi ya matunda haiko mbali nayo hata ikikamuliwa nyumbani, kwa sababu nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Chungwa litafunwe. Sukari guru na asali, licha ya sifa zake, ni sukari vilevile mbele ya kongosho.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha sembe na kula dona. Ni kweli kwamba dona lina nyuzinyuzi, vitamini na madini ambayo mashine ya kukoboa huyatupa kwenye pumba, na tunalipendekeza. Hata hivyo, dona lililosagwa laini sana bado huachia wanga wake upesi, kwa hiyo mlima wa dona haugeuki kuwa kilima kwa sababu ya rangi yake. Wengine huliogopa kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na hofu hiyo ina msingi: sumu hiyo hukusanyika zaidi kwenye tabaka za nje na kiini cha punje, na mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Suluhisho linaanzia kwenye uhifadhi. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, yahifadhiwe mahali pakavu, na punje zilizovunjika au kuota ukungu zitupwe kabla ya kusaga. Asiyeyaamini mahindi aliyouziwa ale sembe kidogo na maharage mengi. Atakuwa amefanya vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama, na hatutalipita juujuu. Familia hujaza ugali kwa sababu unga ndio unaoshibisha kwa bei ndogo, na kiangazi mboga za majani hupanda bei. Lakini hatujataja chakula chochote cha dukani chenye kibandiko cha "lishe maalumu". Matembele, kisamvu, majani ya maboga na mchicha huota hata kwenye gunia lililowekwa uani. Kunde, choroko na mbaazi kwa kawaida ni nafuu kuliko nyama, na dagaa hununuliwa kwa kipimo. Fedha ya soda na ya kilo moja ya sukari kila mwezi inaweza kuhamia huko. Ambako hata hilo haliwezekani, kutanguliza ile mboga kidogo iliyopo bado ni bora kuliko kuiburuta hadi mwisho wa ugali.

Hoja nyingine husikika kila mahali: wazee wetu walikula ugali miaka yote na hawakuugua. Wengi wao walilima kwa jembe la mkono, wakatembea kwenda mtoni na mnadani, na sukari ya dukani ilikuwa adimu. Msuli unaofanya kazi huivuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, hivyo wao waliuchoma ule wanga siku ileile. Leo dereva wa bodaboda, fundi cherehani na mwenye duka hula sahani ya mkulima kisha huketi. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu wazima 41 wenye kisukari cha aina ya pili: kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kuliko kutembea dakika 30 kwa mkupuo mmoja kwa siku, hasa baada ya mlo wa jioni. Na jioni ndipo wengi wetu hula mlo mkubwa kuliko yote, saa tatu au nne usiku, kisha tunalala, wakati ambapo mwili huidhibiti sukari vibaya kuliko asubuhi. Chakula cha usiku kiletwe mapema, kiwe kidogo, na watu wazunguke kidogo kabla ya kulala.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asipunguze wanga ghafla wala kuruka mlo bila kuzungumza na mhudumu wake wa afya, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akitokwa na jasho, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vinne vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Akizirai, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mwenye kuazimia kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla ili dawa zipangwe upya. Na asiache dawa kwa ajili ya mlonge au mdalasini anaouziwa stendi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania Bara ulikuta asilimia 9 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika watu wazima milioni 24 wanaishi na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawajui. Kama umevuka miaka 40, una kitambi, ulipata kisukari cha mimba, au mzazi au ndugu yako anaugua, nenda zahanati asubuhi moja kabla hujanywa chai. Tone moja la damu kutoka kwenye ncha ya kidole linatosha, na jibu hutoka ndani ya dakika moja.