Gofu na Hame: Kuisoma Gede Asubuhi

Kiswahili kina maneno mawili ya kuutajia mji wa kale uliobakiwa na kuta. Gofu ni jengo lililobomoka. Hame, ambalo aghalabu husemwa mahame, ni mahali palipohamwa. La kwanza humwelekeza mtu kwenye mawe. La pili, kwa kuwa limetokana na kitenzi hama, humrejesha kwa watu. Mwanafunzi wa fasihi anayezuru Gede, kusini mwa Malindi, hana budi kuizingatia tofauti hii.

Asubuhi, jua likianza kupenya majani ya msitu, mgeni hulikuta kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Upo pia Msikiti Mkuu na kisima chake, jumba la kifalme, na nyumba za mawe ya matumbawe. Nyumba hizo zina majina, mathalani Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Hata hivyo, si wenyeji waliozipa majina hayo. Yalitokana na vitu vilivyofukuliwa katika uchimbaji ulioongozwa na James Kirkman kuanzia 1948. Mkasi umejulikana, aliyeushika hajulikani. Huko ndiko kuliona gofu.

Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama majumba ya Pate kwa jicho jingine. Taa katika utenzi huo si kifaa kilichookotwa vumbini, bali ni mwanga wa nyumba iliyojaa watu kabla mauti hayajawachukua. Aghalabu utenzi huu hufunzwa kama mawaidha ya dini tu. Ni mawaidha, naam, lakini pia ni ushahidi wa maisha ya mjini, ambao kuta za Gede peke yake haziwezi kuutoa.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hadhi hiyo inasaidia kuzihifadhi kuta. Kuwahifadhi watu katika kumbukumbu ni jukumu la wanafasihi na wanahistoria pia. Wasomi wametaja upungufu wa maji visimani na mashambulizi miongoni mwa sababu za mji huo kuachwa katika karne ya 17. Basi mwanafunzi afikapo Gede, asiishie kuuliza ni nini kilichobomoka. Aulize vilevile ni nani waliohama, na kwa nini.