Kutunza pampu ya joto ya maji katika nyumba ya ghorofa

Ukihamia ghorofani Marekani au Kanada, huenda ukaikuta mashine ikivuma ndani ya kabati la ukutani. Wakazi wengi huiita kiyoyozi, na kweli mwezi wa Julai hupoza nyumba. Lakini Januari, theluji ikiwa imejaa nje, mashine hiyohiyo ndiyo inayoleta joto. Hiyo ni pampu ya joto ya maji. Teknolojia yenyewe ni ya siku nyingi: ukumbi wa mji wa Zürich, Uswisi, ulianza kupashwa joto kwa pampu ya namna hii mwaka 1938, ikichota joto kutoka mto Limmat.

Katika jengo la ghorofa, nafasi ya mto huo imechukuliwa na mabomba. Maji yaleyale huzunguka jengo zima na kupitia kila nyumba, kwa kawaida yakiwa kati ya nyuzi 15 na 32 za Selsiasi. Ukitaka baridi, mashine yako huchukua joto la chumbani na kulitupa kwenye maji hayo. Ukitaka joto, hugeuza mwelekeo na kulifyonza kutoka kwenye maji. Yakipoa mno, boila ya jengo huyapasha. Yakipata joto kupita kiasi, mnara wa kupozea ulio juu ya paa huyapunguza joto. Kwa hiyo kuna wajibu wa pande mbili, na ni vizuri uujue mapema: maji ni ya jengo, lakini mashine mara nyingi ni ya mwenye nyumba. Soma mkataba wako. Kama wewe ni mpangaji, uliza kwa maandishi ni nani anayelipa fundi.

Kazi yako ya kwanza ni chujio la hewa, na sisemi hivyo kwa mazoea. Mashine hizi huweza kufa kwa kukosa hewa kabla ya uzee. Chujio likiziba wakati wa kupoza, koili huganda barafu. Likiziba wakati wa kupasha, joto hukosa pa kwenda, shinikizo la gesi ya kupozea iliyo ndani ya mashine hupanda, na kompresa hujizima ili isiungue. Mwenye nyumba huona tu kwamba mashine inawaka na kuzima, akadhani imeharibika. Lichungulie chujio kila mwezi, ulibadilishe likishakuwa la kijivu. Kwa nyumba yenye watoto, mazulia au paka, usisubiri miezi mitatu. Nunua la kipimo kilekile na uelekeze mshale wake upande wa mashine. Chujio zito mno linalouzwa kwa sifa ya kunasa kila kitu linaweza kuibana hewa kama uchafu wenyewe, hivyo fuata alichoandika mtengenezaji. Na usipange masanduku wala viatu mbele ya mlango wa kabati. Hewa inarudi kupitia hapo.

Kazi ya pili ni maji yanayodondoka. Katika joto lenye unyevu, mashine hukamua maji mengi kutoka hewani kila siku. Yote hukusanyika kwenye trei chini ya koili na kutoka kwa bomba dogo lililopinda. Kwenye trei huota utelezi, utelezi huziba bomba, na habari unaipata kwa jirani wa chini ambaye dari yake imelowa. Kila majira ya kuchipua, kabla ya kuanza kupoza, zima umeme kwenye swichi kuu ya mashine, fungua kifuniko kama mwongozo unaruhusu, na mimina maji taratibu kwenye trei. Yakitoka bila kusita, ni salama. Yakibaki, mwite fundi asafishe bomba. Maji hayo uliyomimina yana faida nyingine: hujaza pale bomba lilipopinda, ambapo hukauka wakati wa baridi na kuacha harufu ya mfereji ipande. Usitie dawa ya kung'arishia nguo. Mvuke wake hula shaba na alumini ya koili.

Kisha angalia mipira miwili inayounganisha mashine na mabomba ya jengo, bila kuigusa. Kutu kwenye viungo, uvimbe, au ukoko wa kijani au mweupe ni dalili mbaya, maana ndani yake mna maji ya jengo zima yenye shinikizo. Mpira ukipasuka, hayatamwagika ya ndoo moja. Jua koki za kufungia ziko wapi, lakini usizilazimishe kama hazijaguswa kwa miaka. Hapo muite mtu wa jengo.

Mengine yote ni ya fundi, mara moja kwa mwaka, ikiwezekana Aprili au Septemba kabla msimu haujapandisha bei za mafundi. Usifungue sehemu ya umeme mwenyewe: kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Fundi mzuri huanza na kipimajoto. Wakati wa kupoza, maji kwa kawaida hutoka yakiwa yameongezeka nyuzi 5 hadi 7, na hewa hutoka imepoa kwa nyuzi 8 hadi 12. Wakati wa kupasha, maji hupungua nyuzi 3 hadi 5. Tofauti ya maji ikizidi hapo, maji yanapita machache, na pengine kichujio cha waya kwenye bomba kimejaa takataka. Mwombe akuandikie namba hizo, uzihifadhi. Mwaka ujao zitasema kama mashine inachoka.

Anayekimbilia kufunga geji za gesi kila ziara, mwulize sababu, kwa kuwa kila zikifungwa gesi kidogo hupotea. Anayeongeza gesi kila mwaka anaficha uvujaji. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, haitumiki ikaisha. Nchini Marekani, anayeishika lazima awe na cheti cha shirika la mazingira la serikali, EPA. Na kama mashine yako ni ya zamani inayotumia R-22, jua kwamba utengenezaji na uingizaji wa gesi hiyo ulisitishwa huko tangu 1 Januari 2020. Ikivuja, piga hesabu ya mashine mpya kabla ya kulipia matengenezo.

Upande wa jengo, usione haya kuuliza kwenye mkutano wa wakazi. Maji ya mzunguko hupimwa lini, na dawa ya kuzuia kutu hutiwa na nani? Mnara wa kupozea husafishwa mara ngapi? Swali hili la mwisho ni la uhai. Mwaka 2015, katika Bronx ya kusini, New York, bakteria wa Legionella waliosambaa kwa ukungu wa mnara mmoja waliwaambukiza watu 138, na 16 wakafariki. Jiji lilitunga sheria ya kuisajili na kuipima minara yote.

Kama unafanya ukarabati, zima mashine kabisa na ufunike matundu yote ya hewa kabla msasa wa kwanza haujagusa ukuta. Vumbi la plasta hupenya chujio na kugandamana kwenye koili yenye unyevu, na kulitoa ni kazi ya siku nzima ya fundi. Fagia, pangusa, funga chujio jipya, kisha ndipo uwashe.