Dondoo muhimu: Muda wa kufunga nzi bandia

Ukivua trauti katika mito ya Aberdare au Mlima Kenya, usisubiri Jumamosi nzima ndipo ufunge nzi bandia. Nusu saa baada ya chakula cha jioni inatosha, mradi jiliwa limeshabanwa mezani. Kinachokula muda hasa ni kutoa vifaa na kuvirudisha. Kila unapoketi, funga aina moja tu, nzi sita wanaofanana. Chambua kwanza manyoya yote ya shingo ya jogoo, panga ndoana, kisha anza. Acha nafasi ndogo nyuma ya tundu la ndoana, la sivyo gundi italiziba na utahangaika kulizibua mtoni huku samaki wanaruka. Ukiwa umechoka, andaa manyoya tu, ulale.