Somo la Kikundi: Nani Huhesabiwa Kuwa na Kazi?



Vikundi vyetu vya Igembe, Imenti, Runyenjes na Mbeere huandika maombi ya msaada, na vingine huenda kwenye mikutano ya wadi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Karibu kila ombi lina mstari huu: "Vijana wengi hapa hawana kazi." Anayesoma huuliza: wangapi? Nani aliwahesabu? Hapo wengi wetu hunyamaza, na ombi linawekwa kando. Basi tuone hesabu za ajira hutoka wapi.

Tuanze na sensa. Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka kumi. Sensa ya 2019 ilianza usiku wa kuamkia 25 Agosti, na Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599. Idadi ya watu mtaipata hadi kata ndogo yenu, lakini hesabu za kazi zimechapishwa kwa kaunti na kaunti ndogo. Karani aliuliza kila mtu alikuwa akifanya nini hasa katika siku saba kabla ya usiku ule. Sasa fikirini. Kahawa yetu nyingi huchumwa Oktoba hadi Desemba. Mtu anayeishi kwa kibarua cha kuchuma kahawa, Agosti mara nyingi yuko nyumbani, na anaweza kuandikwa hivyo. Karani hakukosea, ni majira tu.

Tena kuna jambo la ulimi. Muulize mama aliyechuma majani chai tangu alfajiri kama ana kazi. Atakujibu, "Mimi sina kazi, niko tu." Kwake kazi ni ya ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa wataalamu wa takwimu, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata saa moja katika wiki ile ana ajira, na mama huyu anayeuza majani yake kiwandani yumo. Lakini jirani yake aliyelima mahindi na maharagwe ya kula nyumbani tu hayumo. Wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana hivyo mjini Geneva mwaka 2013: hiyo ni kazi, ila haiitwi ajira. Hapa kwetu hakuna atakayemwita mvivu mtu anayelimia watoto wake chakula, lakini kanuni yao ndiyo hiyo.

Chanzo cha pili ni kitabu cha hali ya uchumi, kinachotolewa kila mwaka na Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS. Kwa mwaka 2023 kilionyesha kazi milioni 20 hivi nchini, na milioni 16.7 kati yake ni za jua kali na biashara ndogondogo. Watu husikia namba hiyo na kuishia hapo. Lakini kitabu chenyewe kinasema wazi kwamba kilimo cha mashamba madogo na ufugaji wa kuhamahama havimo. Kwa Meru na Embu, kuacha shamba dogo nje ni kuacha nje karibu kijiji kizima! Kwa hiyo namba hiyo msiitumie kueleza kijiji chenu.

Asilimia ya wasio na ajira nayo huwachanganya watu. Tuseme kijiji kina watu 200 wa miaka 15 hadi 64. Wenye kazi ni 150, wanaotafuta ni 10, na 40 ni wanafunzi au waliokata tamaa wakaacha kutafuta. Wanaochukuliwa kuwa nguvukazi ni 160 tu. Kumi kwa 160 ni asilimia 6 hivi. Kijana aliyechoka kutafuta ameshatoka kwenye hesabu.

Karibu nasi pia kuna madaftari. Viwanda vya chai kama Mungania, Rukuriri au Kionyo vina orodha ya wakulima na wafanyakazi wa kiwanda, ila mchumaji aliyeajiriwa na mkulima hayumo. Chama cha kahawa kinajua kilo, hakijui mikono iliyochuma. Kaunti ina orodha ya leseni za biashara. Miraa ni ngumu zaidi: Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, wachumaji na wafungaji wa Igembe hawakuwa na barua ya kazi ambayo ingehesabiwa.

Angalieni mipaka pia. Katika sensa ya 1989 Wilaya ya Meru ilikuwa pamoja na Tharaka na Nithi. Msilinganishe kiholela na za leo.

Kazi ya kikundi: Chagueni kijiji kimoja. Msiandike majina, andikeni umri, na kama ni mume au mke. Ulizeni kila mtu mzima: Wiki iliyopita ulifanya nini cha kukuletea pesa, hata saa moja? (Msiulize "una kazi?") Katika miezi 12 iliyopita, ni miezi mingapi ulipata kibarua? Umetafuta kazi katika wiki nne zilizopita? Hesabuni Agosti, kisha rudieni Novemba kahawa ikiwa imeiva. Wekeni karatasi mbili hizo kando ya hesabu za kaunti ndogo yenu, ambazo mnaweza kuziuliza katika ofisi ya KNBS ya Meru au Embu, na mwambatanishe zote tatu na ombi lenu.